Kinyama Kilichozikwa Igowole

Festo mwanangu,

Kamwene. Yale maneno ya kusema mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu, leo siyaandiki. Mimi si mzima, na wewe umelijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Nikikuambia kwa mdomo nitapiga kelele, na majirani zetu hawa unawafahamu, hawahitaji redio.

Umekwenda kuwaaga wenzako kule senta. Kaa huko kidogo, usiwahi kurudi. Nimeketi jikoni, mguu nimeuweka juu ya kigoda, ukungu umeshaanza kushuka kwenye mashamba na kuni zenyewe mbichi, moshi mtupu. Ukiona mahali maandishi yamepinda, ni moshi. Usijidanganye kwamba nalia. Nililia juzi, nikamaliza.

Habari za blanketi na nauli na chumba cha kupanga kule Mbeya sitakuambia. Umekaa chuoni Iringa, kupika unajua, kufua unajua, ukilala na njaa ni uvivu wako mwenyewe. Kesho unakwenda fildi, kujifunza kazi kwa mikono kwenye maabara ile ambayo hospitali za huku kwetu zinapeleka vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa vikapimwe. Kwa hiyo nataka tuongee habari ya kinyama kimoja ambacho hakikufika huko. Kilikuwa changu.

Nianze na ile likizo yako ya kwanza ya chuo. Tulikuwa hapa hapa jikoni, mimi, wewe na mama yako mkubwa Edina, tunamenya njegere. Wewe ulikuwa humenyi, unakula tu, na mdomo haufungi. Ulikuwa umerudi na elimu yako mpya, unaitapika yote kwa siku moja.

"Mama, kinyama cha mgonjwa kikifika hatukiangalii hivi hivi," ulisema. "Kwanza kinalala kwenye dawa, fomalini, kisioze. Halafu kinatolewa maji, kinamiminiwa nta ya moto, kikipoa kinakuwa kigumu kama kipande cha sabuni. Hapo sasa kinakatwa na mashine, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Vinalazwa kwenye kioo, vinatiwa rangi, daktari bingwa anachungulia kwa darubini. Ndiyo anasema hii ni kansa, hii si kansa."

"Jamani! Kuliko ganda la kitunguu?" nikasema.

Mama yako mkubwa akaacha kumenya. "Na kinachobaki?"

"Kinatunzwa kidogo. Kikikaa sana kinachomwa moto. Hospitali ina tanuri lake."

"Na mwenyewe anaambiwa?"

Ukacheka. "Mwenyewe wa nini tena, mama mkubwa? Si kipande cha nyama tu."

Mimi nikacheka na wewe. Nilikuwa najisikia, nisiseme uongo. Mwanangu mimi, mtoto wa muuza viazi, anaongea habari za darubini. Dada yangu hakucheka, na sikumwangalia hata usoni. Aliinuka akasema anakwenda kufungia kuku, na jua bado lilikuwa juu.

Huyu Edina unamjua kama mama mkubwa wa kukupa mayai na kukutetea nisikuchape. Mimi namjua zaidi ya hapo. Mama yetu alinizaa nyumbani, na aliyetumwa kwenda kuzika kitovu changu kule nyuma kwenye mianzi alikuwa yeye, binti mdogo na jembe lake. Mama alipokufa, nilibaki mgongoni kwake. Na baba yako alipokwenda Chunya kutafuta dhahabu akapata mke, Edina alihamia chumbani kwangu na mkeka wake, akalala na mimi mpaka nilipochoka kulia. Nakuambia haya ili usinione mjinga. Mtu kama huyo humkagui mfuko.

Sasa mguu. Unakumbuka lile doa jeusi chini ya unyayo, karibu na kisigino. Nilisema ni mwiba wa zamani umeoza humo ndani. Watu wote wakasema ni mwiba. Nikauchokonoa kwa sindano, nikaweka mafuta ya taa, nikaweka majani, likawa linatoa maji tu na kutanuka. Mpaka siku nimeshindwa kusimama sokoni ndipo nikaenda hospitali. Daktari, kijana mmoja mpole, alinipiga ganzi, akakata kipande, akakitia kwenye kopo lenye dawa. Akasema, "Mama, hapa kwetu hatuna wa kusoma hiki. Ndugu yako akipeleke Mbeya, na asikae nacho njiani."

Nilikupigia simu. Ulikuwa kwenye mitihani Iringa. Ukasema, "Mpeni mtu anayeaminika, kopo lisimwagike." Mtu anayeaminika! Mguu ulikuwa umefungwa bandeji, hata chooni nilikwenda kwa kushikiliwa. Nikampa Edina kopo, nikampa nauli, nikampa na kitenge changu kipya alifunike, asione haya na watu kwenye basi.

Hakufika Mbeya. Haya yote nimeyajua mwezi huu, lakini nakuandikia yalivyokwenda. Alipanda basi Mafinga vizuri. Makambako akanunua mahindi ya kuchoma. Kufika Igawa akashuka. Akaingia barabara ya Ubaruku, kwa mwanawe Oliva aliyeolewa kule na mkulima wa mpunga, na kopo langu likawekwa chini ya kitanda cha watu. Siku ya pili akageuza. Akarudi na mchele, ndoo nzima, ule wa kunukia, akaniambia, "Nimepitia kwa Oliva kumsalimia. Kinyama wamekipokea, majibu watanipigia mimi."

Nikamshukuru. Nikamwambia, "Dada, Mungu akubariki," nikamshika na mikono.

Asubuhi yake, kabla sijaamka, alikwenda nyuma kwenye mianzi na jembe. Akachimba karibu na kaburi la mama, akakimwaga kile kinyama, akafukia. Lile kopo alilisuuza, akalifanya la kuwekea chumvi. Umewahi kula chumvi kwake? Mimi nimeila chumvi ya kopo lile, Festo, ugali na mboga, bila kujua. Nilipolikuta kwake juzi nililitupa shimoni.

Zikapita wiki. Siku moja akaja anatabasamu, amejifunga kanga ya kutokea. "Wamepiga simu," akasema. "Wanasema ni sugu tu. Hakuna kitu." Tukaupika ule mchele. Tulichinja na jogoo. Mchungaji alikuja akaomba, akala mapaja yote mawili. Nilicheza mguu mmoja, na huyo dada yangu alinipigia makofi.

Mwanangu, hapa nina langu la kusema, na linaniuma kuliko kidonda. Mimi mtu wa viazi. Lumbesa ya mtu, gunia la kujazwa kupita kipimo, sikubali, gunia nalifungua mpaka chini, najua wanavyoficha vilivyooza katikati. Wanunuzi wa kutoka mjini wananiita mama mkaguzi. Lakini siku ile niliambiwa habari ya uhai wangu kwa mdomo tu, na sikuuliza nani amepiga, sikuuliza karatasi iko wapi, sikurudi kwa yule daktari. Niliupenda ule uongo. Nilikuwa nimeusubiri, ukaja umevaa sura ya dada yangu, nikaufungulia mlango. Siku hizi nikiwa peke yangu najiuliza kama kuna mahali nilihisi, nikajifanya sijahisi. Sijapata jibu, na sitaki unisaidie kulipata.

Ukaja Pasaka.

Ulinikuta nimekaa nje naota jua. Hata begi hujatua, "Mama, niione karatasi ya majibu." Nikakuambia hakuna karatasi, walimpigia mama yako mkubwa. Ukaomba kuuona mguu. Uliushika hivi, ukaugeuza kwenye mwanga, ukaminya pembeni, na nilikuona unameza mate. Ukaenda kwa Edina. Ulikaa huko muda mrefu, nikadhani mnakunywa chai. Uliporudi ukasema, "Mama, si urudi tu hospitali wakuangalie tena? Si vibaya."

Nikakuuliza, "Nirudi kufanya nini na majibu ni mazuri?"

Ukainama ukafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa, Festo. Nilikutazama ukizifungua ili uzifunge.

Basi, ukaondoka kurudi chuoni. Kila Jumapili ulipiga simu. "Mguu vipi mama?" Nami nikijibu, "Unavuta kidogo." Wewe, "Pole, usisimame sana." Nikiwasimulia watu nilikuwa nasema mwanangu ananijali, haipiti Jumapili. Wamama wa jumuiya walikuwa wananionea wivu.

Halafu mwezi huu likaja hili la kinena. Sikuonyeshi, ni mahali pa mama yako, lakini ni mtoki, mgumu, mkubwa kama kiazi cha mbegu, na hauna maumivu ya kueleweka. Nilijipeleka mwenyewe hospitali, sikumuaga mtu. Yule yule daktari kijana akanikumbuka. Akauliza, "Mama, kile kinyama cha kwanza walisemaje?" Nikamwambia kwa kujidai, "Walisema sugu." Akashika simu mbele yangu akapiga Mbeya. Akawatajia jina langu, akalitaja tena, akataja kwetu Igowole, akataja mguu. Akasikiliza. Akakata simu, akanigeukia.

"Mama," akasema, "hakijawahi kufika."

Sikumwelewa. Nilimwambia labda wamekipoteza, nyie watu wa hospitali mnapoteza vitu. Nilimtukana kidogo, maskini. Akasema atauliza tena, akauliza tena, jibu lile lile. Kisha akanikata kinyama kingine, cha kwenye mtoki, akakiweka kwenye kopo. Nikarudi nyumbani nimelipakata kwenye bodaboda.

Sikupita kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Edina. Alikuwa anafunga kuni. Nikamuuliza, "Dada, kinyama changu ulimpa nani?"

Hakuniuliza kinyama gani. Aliweka zile kuni chini taratibu, akakaa juu yake.

"Nimekizika," akasema. "Kwa mama."

"Umekizika?"

"Kitovu chako nilikizika mimi, Yustina. Na nyama ya mguu wako nimeizika mimi. Ulitaka nikamkabidhi mtu dirishani hata jina lake silijui? Unyayo wako! Mtu akichukua mchanga tu wa unyayo wako anakumaliza, mimi niwape nyama yenyewe? Wakaikate kama mkate, inayobaki waitie moto? Nilimsikia Festo hapo jikoni kwako. Alisema mwenyewe, wanachoma."

"Na ile simu? Hilo neno la sugu ulilitoa wapi?"

Akaanza kulia. "Ulikuwa huli. Ulikuwa hulali, unaniuliza kila siku wamepiga, wamepiga? Nikaona nikupe moyo."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikataka nimtie aibu mbele ya watu, nikamwambia, "Ngoja Festo aje, Festo msomi, asikie ulichonifanyia!" Akanitazama kwa huruma, wallahi kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyeachwa nyuma.

"Festo anajua," akasema. "Nilimwambia Pasaka."

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimezoea kulisema neno hilo kwa habari za watu wengine, za baba yako na mke wake wa Chunya. Sikujua kwamba linaweza kumpata mtu pande zote mbili kwa siku moja.

Nikueleze kitu kuhusu dada yangu, halafu nije kwako. Edina alifanya ujinga, lakini alifanya analolijua. Amezaliwa akiambiwa kinachotoka kwenye mwili wa mtu kinarudi kwenye udongo wa kwao. Nywele, kucha, kitovu, kondo la nyuma. Hakuna aliyemwambia vingine. Wewe ulimwambia vingine ukiwa unacheka na njegere mdomoni. Uongo wake wa sugu ndio sitaki kuusikia, lakini lile kaburi la kinyama, nikitulia, naliona lilivyochimbwa. Alikuwa ananilinda na watu wa Mbeya.

Wewe ulikuwa unanilinda na nini?

Wewe uliyesoma! Wewe uliyeushika ule mguu kwenye jua ukameza mate! Edina hajui doa jeusi la unyayoni linakwenda wapi likiachwa. Wewe unajua. Nimemuuliza daktari, akanieleza yote, kwamba linapanda na mguu, linafika kinenani, kisha linakwenda linakotaka. Nikamuuliza, kijana wa maabara wa chuo anaweza kulijua hili? Akasema, "Hilo wanafundishwa, mama." Kumbe kila Jumapili uliponiuliza mguu vipi ulikuwa unauliza limefika wapi.

Nimejaribu kukutetea. Usidhani sikujaribu, mimi ni mama yako. Nikasema alikuwa anamwogopa mama yake mkubwa, huyo Edina alimbembeleza, alimpigia magoti. Nikasema ni mtoto. Nikasema alijaribu, si alisema si urudi hospitali? Nimeyazungusha kichwani haya yote na kila mara nafika kwenye zile kamba za viatu. Ungesema neno moja tu, Festo. Ungesema, "Mama, hakikufika." Ningekupiga kofi, ningelia, kisha kesho yake ningekuwa hospitali na mtoki haujaota. Ulininyima zile siku. Zilikuwa zangu.

Watu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Mimi sikuficha. Nilifichwa, na waliokula wali wangu.

Ukimaliza kusoma hapo, kaa kidogo. Kunywa maji. Yanayofuata ni ya kazi yako, na ningeyasema hata kama usingenikosea.

Kule unakokwenda watakuweka siku moja pale wanapopokea makopo. Utaona akina Edina wengi. Watatoka Chunya na vumbi lao, watatoka Mbarali, watatoka huku kwetu wamevaa masweta, kopo wamelifunga kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Watasita kukupa. Vijana wa dirishani, nimewaona hospitali zote, wanasema "Mama, weka hapo, anayefuata!" Huyo mama aliyesita hana ushamba. Ameshika mwili wa ndugu yake, na hajui unapelekwa wapi. Mwambie. Usicheke. Mwambie tutakikata, tutakitazama, kitakachobaki tutakitunza, na baadaye kitachomwa kwa heshima. Akikuuliza kama anaweza kurudishiwa akazike, usimuone mwendawazimu, kaulize wakubwa zako. Ungemjibu hivyo mama yako mkubwa siku ile ya njegere, yule mwanamke angefika Mbeya. Ni mkaidi lakini si mtu wa kuasi akieleweshwa.

Na kuna jambo jingine sikulijua mpaka limenikuta. Ndugu wa mgonjwa watakuvuta pembeni. "Kijana, majibu tupe sisi, mgonjwa asijue, moyo wake mdogo." Watakuwa wanalia, watakuwa na nyuso nzuri. Wewe si daktari, majibu si yako kuyatoa, hilo najua. Lakini siku hiyo ukumbuke kuwa yule mwenye moyo mdogo ndiye aliyekatwa bila kulia, ndiye aliyechokonoa unyayo wake kwa sindano. Mioyo midogo ni yenu mnaomzunguka. Dada yangu alishindwa kuniona silali, na wewe ulishindwa kuniona nalia, mkaamua mimi ndiye siwezi.

Watu wa kanisani wameshaniambia nimsamehe Edina. Mchungaji, yule wa mapaja, amekuja na Biblia yake. Nimemwambia mchungaji nakuheshimu, kunywa chai, uende. Sijasamehe. Labda nitasamehe, labda nitakufa nimenuna, hilo nitaelewana na Mungu mwenyewe. Kila asubuhi analeta kuni anaziweka mlangoni, hasemi, na mimi siziingizi mpaka ameondoka. Lakini wewe kesho alfajiri upite ukamuage. Umsalimie vizuri, upokee mayai yake. Ugomvi huu ni wangu, na yeye bado ni mama yako mkubwa. Hilo sikuombi, nakuagiza.

Sasa sikiliza la mwisho, maana nasikia mbwa wanabweka, labda ni wewe unarudi.

Daktari aliponipa hiki kinyama cha pili aliniambia, "Si una kijana anakwenda huko huko? Mpe abebe." Nikasema sawa. Mchana ukaniuliza kopo liko wapi ulipange kwenye begi. Nikakuambia nitakupa asubuhi. Nilikudanganya. Sikupi. Nimelifungia kabatini na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga niliyojifunga. Umeona nilikofikishwa? Namfungia kabati mtoto niliyemzaa.

Nakuogopa, Festo. Sikujua kama ipo siku nitaandika neno hilo. Siogopi kwamba utalizika, wewe hutazika. Naogopa utalifikisha vizuri kabisa, litapimwa, na siku majibu yakitoka macho yako yatakuwa ya kwanza, kisha utanipigia simu na hiyo sauti yako laini ya Jumapili: "Mama, usiwe na wasiwasi." Nami nitakuamini tena. Hapo ndipo penye hatari, mwanangu. Nikikusikia tu nitakuamini.

Kwa hiyo kesho hatuagani. Tunapanda basi moja. Kuku nimemkabidhi jirani, viazi vitaoza vikitaka kuoza. Mguu utavimba njiani, na uvimbe. Kopo nitalipakata mimi mpaka Mbeya, na tukipita Igawa usinisemeshe. Barua hii ukiwa umeisoma usinijibu ndani ya basi, watu wanasikia. Usiniombe radhi pale stendi mbele ya makondakta.

Tukifika, wewe ingia kwa mlango wenu wa wafanyakazi, uvae koti lako jeupe. Nimelipiga pasi, liko juu ya begi. Mimi nitapanga foleni na wenzangu wenye makopo. Nikifika dirishani na nikakuta wamekuweka hapo, usiniite mama. Usinipitishe mbele ya watu. Niulize jina langu kamili, niulize kinyama kimetoka wapi mwilini, kisha niulize majibu apewe nani.

Nitakujibu kwa sauti, foleni nzima isikie, kwamba nipewe mimi.

Yustina,
mama yako